Jina Moja Kutoka Uganda

Ndizi nazihesabu mara mbili: ninaponunua na ninapouza, maana katikati ya hapo zina tabia ya kupungua. Lakini chifu aliponipigia simu sokoni Mikinduri, alisema mara moja tu na sikutaka arudie. Jina la mwanangu limetumwa kutoka Uganda, pamoja na majina ya Wakenya waliofia huko. Niende ofisi ya usajili, Meru mjini.

Nilimkuta mke wa shemeji yangu ameshakaa kwenye benchi, ametoka Embu kwa gari la alfajiri. Yeye pia aliitwa na chifu wake. Jina lilikuwa lile lile. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na waume zetu ni ndugu. Mzee mwenyewe akasimamia ubatizo, akawachagulia wote wawili jina lake la kanisani pia, maana alijipenda. Wavulana walizaliwa mwaka mmoja, wote hapa Meru, na mwaka huu wakaenda Uganda pamoja kuuza miraa. Simu zao zote mbili zilikuwa zimezimwa.

Karani, msichana mpole, akatokeza kichwa dirishani. "Mama ya..." akalitaja jina.

Tukasimama sote wawili.

Akanitazama mimi, akamtazama mwenzangu. Akaeleza polepole kwamba siku hizi nchi jirani zinatumiana taarifa za watu: aliyezaliwa, aliyehama, aliyekufa. Zamani mtu angefia huko na nyumbani waendelee kumngoja. Sasa habari inafika, ila hii imefika na jina, mwaka na mahali pa kuzaliwa tu. Namba ya kitambulisho ameshaiomba.

"Mbona hawakutuma yote mara moja?" nikauliza.

"Mama, hata sisi hatuwatumiagi yote."

Tukakaa. Nikahesabu vigae vya sakafu, nikarudia, hesabu zikakataa kufanana. Mimi ni mtu wa kupatana bei, hata na mng'oa meno nimepatana. Nikaanza kupatana na Mungu, nikaachia katikati. Kila bei niliyotaja, wa kuilipa alikuwa mwanamke aliyekaa kando yangu.

"Unaomba nini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Wawe wamekosea."

"Hata mimi." Akakaza fundo la leso yake. "Na kuna kingine nimeomba."

"Najua. Hata mimi."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi kuliko wangu, au wangu kuliko wake.

Safari hii karani hakuita dirishani. Alikuja mpaka kwenye benchi. Namba ilikuwa imefika, na kwa namba hiyo alikuwa amempata mama kwenye kompyuta. Akalitaja jina la mama huyo. Halikuwa langu.

Pumzi yangu ilitoka kabla ya machozi yangu. Mwenzangu aliisikia. Hakuuachilia mkono.

Ndipo simu yangu ikaanza kuita kikapuni. Ilikuwa namba ya Uganda. Nikaiacha. Ikakatika, ikaita tena.

"Pokea," akasema.

"Baadaye."

"Pokea, wewe! Si ni mtoto wetu huyo? Mwambie asimwache mwenzake huko peke yake. Mwambie nimesema warudi wote wawili."

Nikaiweka simu kati yetu, nikapokea.

"Mama?" ikasema sauti.

Tukaitika sote wawili.