Aliyeshika Kibao

Wiki yangu ya kwanza kama mthamini mwanafunzi niliimalizia Sindeni, huko Handeni, nikihesabu michungwa ya watu, na bado sikujua kazi yenyewe ni ipi. Chuoni nilifundishwa kwamba mali ina mwenyewe, na mwenyewe ana karatasi. Sindeni karatasi hazikuwepo. Shamba la mjomba, miche kapanda shangazi, machungwa anachuma yeyote aliyewahi kuamka. Nikamuuliza bosi niandike nini. "Andika tu, utaelewa mbele ya safari." Nilikasirika, maana sipendi kuandika nisichokielewa, lakini niliandika.

Wiki ya pili tukahamia Magoma, Korogwe. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na nyumba za kando yake zilithaminiwa ili wenyewe walipwe fidia kabla hazijavunjwa. Nilipewa kamera na kibao cha kuandikia namba kwa chaki. Mwenye nyumba anasimama mbele ya nyumba yake, anashika kibao, unampiga picha, jina lake linaingia kwenye fomu. Hilo jina ndilo litakalolipwa. Bosi alisema hata mtoto angeiweza kazi hiyo.

Nyumba ya saba ilikuwa ya udongo. Mama aliyetupokea alikuwa na tope mpaka kwenye viwiko, anakandika ukuta. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na nyumba itakayobomolewa.

"Mnakuja kuipiga picha, mwanangu. Niiache na nyufa?"

Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa akituongoza, aliniambia mama huyo alisimamisha nyumba ile peke yake, tangu kukata miti mpaka kuezeka. Mumewe anaishi Mombo kwa mke mkubwa, huja sikukuu. Siku hiyo haikuwa sikukuu, lakini alikuja, kwa bodaboda, na kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Lete hicho kibao."

Nikampa. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyompa mzee yeyote anachokiomba. Nilipogundua nilichofanya, nikamtazama mwenyekiti. Naye akaanza kufunga kamba za viatu. Nikamkimbilia bosi, aliyekuwa nyuma ya nyumba akipima choo.

"Bosi, mwenye nyumba hapa ni nani?"

"Nani kashika kibao?"

"Mume. Lakini nyumba kaijenga mke."

"Aliyeshika kibao kashika. Piga picha, jua linazama."

Nilirudi nimechanganyikiwa kabisa. Nilijua kuna kitu cha kusema, sikujua nikiseme kwa nani, na nani angemsikiliza binti wa wiki mbili kazini. Nikajipa kazi ya kufuta kioo cha kamera. Kilikuwa safi. Moyoni nilimwomba yule mama agombe, apige kelele, anitukane hata mimi, nipate sababu ya kusimamisha kazi.

Akanisogelea taratibu, anafuta mikono kwenye khanga.

"Mwanangu, nisimame wapi nisikuharibie picha?"

Nikamwonyesha kwa mkono, pale kwenye mihogo. Akaenda kusimama. Nikapiga.