Yai la Praktiko

Watu hucheka wakihadithia shule za kulipia za miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Hata mimi hucheka, maana mengine yalikuwa vichekesho kweli. Lakini hili la yai silicheki.

Shule yetu ilikuwa Makambako, ndani ya ghala la zamani la ushirika. Ushirika ulipokufa akatokea bwana mmoja, akapaka chokaa, akapanga madawati, akajiita mkuu wa shule ya sekondari. Humo ndani mlikuwa mmehifadhiwa maua ya pareto miaka na miaka, kwa hiyo kila aliyeingia alipiga chafya kwanza ndipo asome. Mimi chafya sikuijali. Nilitaka kuwa mtu wa maabara, yule wa koti jeupe anayechungulia damu kwa darubini. Na mkuu alikuwa ametangaza: atakayeongoza praktiko ya baiolojia, yaani mtihani wa vitendo, ataandikiwa barua ya kwenda kujifunza kazi hiyo kwenye hospitali moja ya misheni huko Makete. Barua yenyewe moja tu. Niliiota mchana kweupe, nikiosha sufuria, nikichota maji.

Mwalimu wa baiolojia alijua kuchora. Alituchorea protini kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu, uzi ukajikunja na kujikunja mpaka ukawa kifundo. Akasema nyama ya mwili ni hizo, nywele ni hizo, hata damu ina hizo. Ukiupasha moto ute wa yai, vile vifundo vinafumuka na kung'ang'aniana ovyo, ndiyo maana yai likishaganda haliwi maji tena. Niliporudi kwenye chumba nilichopanga nilijitazama mkono hadi nikaona aibu. Mimi, mtoto wa kijijini Kichiwa, nimetungwa shanga mwili mzima!

Kipimo cha protini tulikikariri wiki mbili. Unatia kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, kisha matone machache ya mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia viazi.

"Pakiwa na protini?"

"Zambarau!"

"Pasipokuwa na protini?"

"Bluu!"

Halafu likaja tangazo: siku ya praktiko kila mwanafunzi alete yai moja. Tulikuwa zaidi ya thelathini. Leo najua kwamba ute wa mayai mawili ungetutosha wote na kubaki.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Mama alikuwa na tetea mmoja, na siku hiyo ndani ya kiota mlikuwa na yai moja tu. Lilikuwa na mwenyewe. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minne, alikuwa akikaa na mama kwa sababu dada alikwenda kuchuma chai Lupembe. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyepesi na nyekundu, na miguu ukiibonyeza inabaki shimo. Nesi wa zahanati alikuwa amesema viazi peke yake havimjengi, apewe maharage na mayai. Maharage tulishayauza yote kwa watu wa malori. Kwa hiyo yai lilikuwa dawa yake.

"Bibi, hilo langu," akasema alipomwona mama analifunga kitambaa.

"Hili la shule. Mama yako mdogo akishakuwa mpima damu atakuletea trei nzima."

Akanigeukia. "Litafanya nini huko shule?"

"Litageuka zambarau."

"Kama kitenge cha bibi?"

"Kama kitenge cha bibi."

Akafikiri kidogo. "Basi lichukue. Ila ukirudi uniambie."

Nikalifukia kwenye kopo la unga nikapanda nalo lori la viazi, kopo nimelipakata kama mtoto mchanga. Lilifika zima. Nikamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili.

Asubuhi ya praktiko tulipita nyuma ya nyumba ya mkuu. Alikuwa na wageni waliokuja kuikagua shule. Harufu ya mayai yanayokaangwa na vitunguu ilitufuata mpaka darasani. Nilimeza mate, sikuwaza lolote.

Tukapewa kila mmoja testityubu yenye maji meupe. Yangu niliiacha itulie kidogo, nikaona weupe unashuka chini kama vumbi. Ute hauzami hivyo. Nikatia kostiki, nikatia mrututu. Bluu. Nikatikisa, nikasubiri. Bluu ileile.

Jirani yangu wa dawati, binti mcheshi tuliyekuwa tukigawana daftari, akaninong'oneza, "Andika zambarau wewe, acha ushamba."

"Mbona ni bluu?"

"Kwani umekuja kuangalia au umekuja kufaulu?"

Nikaandika nilichokiona: bluu, hakuna protini. Nilipata sifuri. Darasa zima waliandika zambarau, darasa zima wakapata.

Wakati wa kutoka nikachungulia shimo la taka la mkuu. Maganda yalikuwa yamejaa. Nilisimama pale nikilia kwa hasira, maana mojawapo lilitoka kwenye kiota cha mama.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa, alikuwa mpika sabuni, kwa hiyo kostiki aliijua kuliko mwalimu. Nilipomsimulia akaacha mwiko ndani ya pipa.

"Yaani wamekula praktiko yenu? Ngoja, binti." Akatoa yai lake, mrututu tukaomba kwa jirani anayepulizia viazi. Tukachanganya ute kwenye kichupa cha dawa. Ikaja zambarau safi, nzuri, imetulia. Yule mama akapiga kigelegele.

Nikampelekea mwalimu kichupa. Alikitazama, kisha akafunga mlango.

"Binti, unadhani sijui? Ile chaki nilisaga mwenyewe. Mkuu alisema wageni wapikiwe mayai kwanza." Akanisogezea karatasi yangu na kifutio. "Kazi yako nyingine yote ndiyo bora darasani. Futa hapa, andika zambarau, barua ni yako."

Nilikishika kile kifutio. Nisijisifu, nilikishika muda mrefu.

"Mwalimu, na nikienda hospitali nikaandika hivihivi damu ya mtu?"

"Hapa hospitali iko wapi?"

"Si ndiko mnakonipeleka?"

Akakasirika, au aliona aibu, usoni mwake hasira na aibu zilifanana. "Basi nenda ukalime viazi!"

Barua alipewa jirani yangu wa dawati. Alikuja kuniaga analia, akasema hata testityubu yake hakuitazama. Sikumchukia. Niliwachukia watu wazima waliomfundisha kutoitazama, na kidogo bado nawachukia.

Niliporudi Kichiwa, yule mtoto alinikimbilia mpaka njiani, mashavu yamevimba, majirani wanamsifu eti amenona, kumbe ni uvimbe uleule wa miguuni umepanda. Nilikuwa nimembebea mayai mawili aliyonipa yule mama wa Kondoa. Hata hakuyatazama kwanza.

"Lile yai langu lilikuwa zambarau?"

Mbele ya mwalimu nilikataa kuandika uongo na barua ikaniponyoka. Mbele ya mtoto wa miaka minne aliyetoa dawa yake, sikuweza kusema kweli.

"Zambarau kabisa," nikamwambia. "Kama kitenge cha bibi."

Akacheka, akaenda kumwambia kuku.