Uso wa Muuzaji

Juzi mwanamke mmoja aliingia kwenye lifti ya ofisini kwetu, akasimama mbele yangu, nikasikia harufu ya karafuu, na chini ya karafuu kitu kikali kama dawa ya nywele. Nilishuka ghorofa ya tatu, na kazi yangu iko ya tisa. Nilipanda ngazi zilizobaki huku nikimlaani mtu ambaye hakunikosea lolote. Mniwie radhi. Harufu hiyo nimelala nayo chumba kimoja.

Tulikaa mtaa wa Doornfontein, huku Sauzi, chumba na jiko. Baba alikuwa Msauzi aliyeishi uhamishoni Tanzania miaka mingi. Aliporudi kwao alikuja na mama, mwenyeji wa Tanga, kisha akafariki kabla sijaanza shule. Mama hakujua Kizulu, lakini mafuta aliyajua. Alichemsha mafuta ya nazi, nta ya nyuki, karafuu na mdalasini kwenye sufuria ileile ya ugali, hata nikawa mtoto pekee shuleni anayecheua marashi. Wanawake wenzake wa mtaani waliuza vipodozi vya viwanda vya watu. Yeye alikuwa wa kwanza kuuza chake, na kwenye kila kopo alibandika jina langu: Neema.

Alipeleka makopo Jeppestown, kwenye saluni ya Maman Chantal, msusi wa kutoka Lubumbashi. Siku moja nikiwa nimekaa pale, Maman Chantal alimtazama mama kwenye kioo, akamuuliza polepole, "Mama Neema, weye unauzisha mafuta ya urembo, na uso wako uko mweusi vile?" Mama akacheka na wenzake, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akijitazama kwenye vioo vya maduka. Biashara hii ndivyo ilivyo. Mteja hasomi kibandiko, anasoma uso wa muuzaji.

Wiki haikuisha, zikaja nyumbani tyubu za krimu ya kujichubua, ambazo spaza, kile kiduka cha jirani, iliuza chini ya meza. Mama akazikamulia kwenye mafuta yake, akakoroga, akaanza kujipaka. Miezi michache tu akawa wa njano kama papai, isipokuwa vifundo vya vidole, ambavyo vilikataa katakata. Wateja wakaanza kuja, wengine wakitoka Diepsloot kote kule. Tukala nyama katikati ya wiki. Maman Chantal mwenyewe alichukua makopo mawili, moja lake na moja la binti yake Grâce, aliyekuwa rika langu, miaka kumi.

Mimi nami nikatamani. Kopo lina jina langu, kwa nini nisipake? Nilijipaka shavu moja tu. Mama aliponikuta alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, akaniburura hadi bombani, akanisugua uso kwa sabuni ya kufulia mpaka nikalia. Nikaamua kwamba ananionea choyo, hataki mrembo wa pili ndani ya nyumba, na kwa muda mrefu nilimchukia.

Kisha akapatikana na uvimbe tumboni, ikabidi apasuliwe. Kabla ya kwenda hospitali alinikalisha kitandani, akaniambia atakayeniuliza habari za mchanganyiko wetu, nisimwambie. Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema, na kata ni wewe.

Mshono haukushika. Waliushona tena, ukaachia tena. Homa ikapanda, mama akawa hazungumzi vya kueleweka. Ndipo nesi mmoja, mama wa Kizulu mwenye sauti ya upole, alinitoa hadi kwenye korido, akachuchumaa mbele yangu. Alinieleza kwa Kizulu kwamba ngozi ya mama inachanika kwenye sindano kama karatasi iliyolowa, na kwamba madaktari lazima wajue amekuwa akipaka nini ndipo wajue wamtibu vipi. Nilimtazama mikono, myeusi na laini, nikafikiri: huyu anataka kutuibia biashara.

"Mafuta ya nazi," nikasema.

"Hayo tu?"

"Na karafuu."

Akaandika. Mama alifariki siku ya tisa.

Kwenye matanga Maman Chantal alilia kweli, si kilio cha kuonekana. Baadaye akanishika mkono, tukaingia jikoni. "Mtoto, ile mafuta ya mama yako, haikubakia hata kidogo?" Chini ya sinki yalibaki makopo sita. Nilimpa yote, bure, kwa sababu mama alinifundisha kutomrudisha mteja mikono mitupu. Grâce ndiye aliyeshika mfuko wakati nikiyatia, kopo baada ya kopo.

Kofi lile nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Mama alijua. Alijua kilichomo, akajipaka ili tule, akawauzia wenzake na watoto wao, na katika watu wote wa mji huu akamkataza mmoja tu. Nampenda kwa hilo, na kwa hilohilo namwogopa. Nesi yule nimemjibu upya mara nyingi, kichwani. Leo kila mtu husifu ngozi yangu. Grâce hatoki mchana bila kufunika uso, na tukikutana njiani hunisalimia vizuri, huniita dada.