Kosa Alilobebeshwa Bibi

Fundi Kipimo alishona sare za shule kwa miaka ishirini na sita katika chumba chenye mlango wa bati, vyerehani viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Jina hilo alilipata kwa sababu jicho lake lilikuwa futikamba. Ukipita tu mlangoni, alikuwa amekwisha kujua kiuno chako. Watu walimwamini. Kitambaa kikibaki, alimrudishia mwenyewe, hata kama kilitosha leso tu.

Binti yake wa mwisho alipotimiza miaka kumi na mmoja, baba yake mdogo, aliyekuwa akifanya kazi nje, alimletea gemu ya mkononi, ile inayofunguka kama kitabu, ina vioo viwili na kijikalamu cha plastiki. Ndani yake walikuwamo wahusika wa katuni moja ya televisheni, kobe mpishi na wenzake, ila shujaa hakuwamo. Palikuwa na kikaragosi cheupe tu, na mchezaji ndiye aliyemchora apendavyo. Akishachorwa, alikimbia na kuruka kutoka ngazi hadi ngazi, na kila alipokwama, gemu ilidai kitu kingine kichorwe: ngao, mashua, mbawa, daraja. Ulichochora ndicho alichotumia, kiwe kizuri au kibaya.

Binti alimchora shujaa wake, akamwita Bwana Upande. Mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, sikio moja kubwa kama sahani. Nywele za kijani zilikuwa wazo la bibi yake, mama mzazi wa mke wa fundi, aliyeishi nao tangu afiwe na mumewe. Likizo nzima wawili hao walikaa kwenye kochi wameegemeana.

"Mke mwenzangu, mpe buti huyo, ataumia," bibi alikuwa akisema, na mjukuu anachora buti.

Kumbukumbu za bibi zilikuwa zimeanza kuvuja. Aliwahi kuweka rimoti kwenye friji. Aliwahi kusahau sufuria jikoni hadi ikaungua chini. Lakini majina ya marafiki wote wa kobe aliyajua.

Likizo ilipokwisha, binti alitakiwa kwenda shule ya bweni, ambako gemu haziruhusiwi. Alimkabidhi baba yake.

"Baba, nitunzie. Usimpe mtu."

"Nikishika mimi, imeshikwa," fundi akasema.

Akaipeleka kazini, akaiweka kwenye droo ya zipu.

Ikapita wiki mbili. Siku moja mchana mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na hakuna mteja aliyekanyaga pale. Fundi alipanga vifungo, akafagia, akapanga vifungo tena. Mwishowe akaifungua ile gemu, atazame tu. Maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni, na miwani aliisahau nyumbani. Ikamuuliza kitu, akabonyeza. Ikamuuliza tena, safari hii kwa herufi nyekundu, akabonyeza tena. Kikaragosi cheupe kikatokea, kikasimama kumngoja.

Alidhani ndivyo inavyoanza. Akamchora bwana mmoja aliyevaa koti lenye kola, mifuko miwili na vifungo sita vilivyopangika sawasawa. Bwana huyo aliporuka shimo la kwanza, fundi alicheka peke yake. Kuanzia hapo kila mchana alirudisha mlango nusu, akala chakula chake kwa mkono mmoja. Gemu ikitaka mbawa, alichora mbawa zenye pindo. Ikitaka ngao, ngao ilitoka na mshono.

Wiki ya tatu akakumbuka kumtafuta Bwana Upande. Alikuja na miwani. Alipekua kila pahali, na ndipo alipoelewa kwamba gemu ile huhifadhi safari moja tu, na kwamba yale maandishi mekundu yalikuwa yanamuuliza kama kweli anataka kuifuta ya kwanza.

Alijaribu kumchora upya Bwana Upande. Mara nne alijaribu, na mara nne akatoka mtu aliyepigwa pasi, miguu sawa, masikio sawa. Mkono uliozoea kunyoosha haukuweza kupinda. Alifuta kila kitu, akabaki na kikaragosi cheupe. Siku mbili kabla ya binti kurudi, aliipeleka gemu nyumbani, akaiweka juu ya kabati sebuleni. Alipanga kumwambia yeye mwenyewe, kwa utaratibu.

Lakini binti aliingia, akabusu kila mtu mashavuni, akaifungua gemu kabla hata ya kuvua viatu.

"Bwana Upande hayupo," akasema.

Mkewe fundi akatoka jikoni akifuta mikono. "Nani ameigusa hiyo?"

Fundi alifungua mdomo. Anakumbuka vizuri kwamba aliufungua.

"Mama," mkewe akaendelea, akimgeukia bibi taratibu, "jana si nilikukuta hapo kwenye kabati?"

Bibi akatazama kabati, kisha mikono yake. "Nilikuwa natafuta redio," akasema. "Labda niliishika nikidhani ni redio. Labda ni mimi."

Hakuna aliyemgombeza. Binti akasema, "Basi, bibi, haidhuru," akaenda chumbani akafunga mlango. Fundi naye akafunga mdomo. Alijiambia atasema baada ya chakula. Baada ya chakula akajiambia kesho.

Likizo ilikuwa ya mwezi mmoja, na mwezi huo bibi alijifunza kutogusa vitu. Alianza na rimoti, kisha swichi za taa. Akawa anauliza kama anaweza kufungua bomba. Alikalia viganja vyake kama mtoto aliyekatazwa. Mke wa fundi akaanza kusema pengine wamhamishie mama kwa mwanawe wa kiume, ambako daima pana mtu mzima nyumbani, maana aliyeharibu gemu leo kesho ataacha gesi wazi. Fundi alisikiliza, akasema, "Tutaona."

Siku moja alirudi nyumbani mchana kuchukua mkasi. Alimkuta bibi ameketi mbele ya redio, imezimwa. Saa ya taarifa ya habari ilikuwa imepita.

"Mama, mbona hujawasha?"

"Nilikuwa nangoja mtu, baba. Nisije nikaiharibu na hii."

Aliiwasha, akarudi kazini bila mkasi. Siku hiyo alishona mikono ya mashati matatu ndani nje, jambo ambalo hata alipokuwa akijifunza kazi halikumpata.

Jumapili, wote wakiwa mezani, akaweka kijiko chini. "Gemu niliifuta mimi," akasema. "Nilikuwa nacheza kazini. Bibi hakuigusa."

Binti akamtazama. "Wewe, baba? Unacheza gemu?" Alitaka kucheka, kisha akamwona bibi yake, kicheko kikaisha.

Mkewe alisimama, akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Mwezi mzima, mkwe wangu," bibi akasema. "Mwezi mzima najiona nimekwisha."

"Nisamehe, mama."

"Na ile sufuria iliyoungua? Nayo ni wewe?"

Fundi alitamani kusema ndiyo. "Hapana, mama. Ile ni wewe."

"Afadhali," bibi akasema. "Nilianza kufikiri nimekaa na jini."

Habari ya kumhamisha haikutajwa tena. Binti alichora shujaa mwingine, msichana mwenye mabuti, na bibi akamchagulia rangi. Kwa baba yake alibaki mpole lakini gemu hakumwachia. Aliporudi shule alimpa bibi aitunze, mbele ya baba yake. Mke wa fundi alimnunia mumewe wiki mbili, kisha akachoka.

Fundi alidhani yamekwisha. Lakini miezi ilivyosonga, kumbukumbu za bibi zilizidi kuvuja, na zilivuja kwa namna ya ajabu. Jumapili ile ilipotea yote, pamoja na maneno yake. Aibu haikupotea. Mchana mmoja alimshika fundi mkono mlangoni.

"Baba, nilimharibia mtoto gemu yake. Sijui nimwambie nini."

Fundi aliweka mfuko chini, akaketi karibu naye, akamweleza upya: mvua, herufi nyekundu, mdomo uliofunguka ukafungwa. Bibi alisikiliza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza akaumia.

"Na ukaniacha nibebe?"

"Nilikuacha, mama."

Bibi hurudia maneno hayo kama mara moja kwa wiki sasa. Mkewe amemshauri amwambie tu bibi kwamba gemu haikuharibika, yaishe. Fundi hukataa. Humweleza yote, toka mwanzo, naye bibi siku nyingine humsamehe, siku nyingine huondoa mkono wake, akageukia dirishani.