Mkalimani wa Maisha Bora

Vita vilipoifunga shule yetu, nilibaki mwalimu wa hesabu asiye na wanafunzi, mwenye mke na watoto katika nyumba ya kupanga pale Bunia. Kwa hiyo padri wa parokia aliponiuliza kama ningeweza kumtafsiria mgeni Kifaransa kwa siku mbili, sikumwuliza ni Kifaransa cha nini.

Kilikuwa cha furaha. Kijana mmoja nadhifu alikuwa ametoka Kinshasa kwa ndege kuja kuwafundisha akina mama waliokimbia vita namna ya kupanga maisha yao kama kampuni inavyopanga biashara. Alinieleza, huku akibandika karatasi kubwa ukutani, kwamba watu wengi hukosa furaha kwa sababu wanaishi bila mkakati. Dirishani niliwaona watu waliolala uwanjani chini ya maturubai wakianika nguo zilizolowa usiku. Nikakubali kwamba mkakati sikuuona.

Akina mama waliingia wakakaa pande mbili za ukumbi, kama vita vilivyowagawa. Hakuna aliyewapanga. Wa upande wa Djugu walikaa karibu na mlango, wa upande wa ziwani wakakaa karibu na madirisha, na katikati palibaki njia pana ambayo kijana wa Kinshasa aliifurahia, maana ilimpa nafasi ya kutembea akifundisha.

Alianza na maono. Kila kampuni kubwa, alisema, huzaliwa na maono. Nikatafsiri: "Kila mumoja aseme maono yake."

Mama mmoja mnene aliyekuwa akiuza samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani, alisimama mara moja. Alikuwa mtu wa sala, na kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Alisema aliona ng'ombe mweupe akitembea juu ya maji ya ziwa, na nyuma yake watu wameshika mishumaa. Ukumbi wote ukaitikia amina.

"Anasema nini?" kijana akaniuliza.

"Anataka kuingia katika ufugaji," nikamjibu.

Aliandika hilo ukutani kwa kalamu ya kijani.

Halafu akauliza kila mtu anataka awe wapi baada ya miaka mitano. Bibi mmoja mkulima wa maharagwe, aliyekimbia kutoka Djugu, akasema, "Kwetu." Akakaa.

Kijana alitabasamu kwa upole. Akasema lengo zuri lazima liwe linapimika. Nikamfikishia bibi.

"Mwambie inapimika," bibi akasema. "Tulikuja na miguu. Tuliipima yote."

Hilo nililitafsiri kama lilivyo. Kijana akaifunika kalamu yake.

Mchana tukafika kwenye somo la washindani. Kifaransa kina neno lake kwa mtu anayeuza unachouza wewe, neno safi, la kitabuni. Mimi nilikuwa na njaa, na neno lililonijia haraka lilikuwa baya. Nikasema, "Sasa kila mumoja ataje adui yake."

Mama mmoja karibu na mlango alimpandisha mtoto mgongoni, akaanza kufunga kitenge. Upande wa madirisha wakatazama chini. Kijana aliwatia moyo kwa mikono yote miwili: wasiogope, wataje kwa majina.

Bibi wa maharagwe ndiye aliyeniokoa. "Mualimu," akasema taratibu, "adui wa namna gani?"

Nikaeleza upya: mtu anayeuza kitu sawa na chako, pembeni yako, sokoni.

"Ule si adui," mama wa samaki akasema kutoka dirishani. "Ule ni mwenzangu. Kama mvua inanyesha, ananichungiaka meza."

"Na kama unaenda kunyonyesha, ni yeye anakuuzishiaka," bibi akaongeza kutoka ng'ambo ya ile njia.

"Ndiyo. Na haibi."

"Anaiba kidogo," bibi akasema.

Wakacheka, pande zote mbili. Aliyekuwa amefunga kitenge akakaa tena. Kijana akataka kujua kumetokea nini. Nikamwambia wamependekeza ubia, na akanipongeza kwa kazi nzuri.

Siku ya pili hatukumaliza. Katikati ya somo la kukabili hatari, risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Akina mama walilala chini kimya, mikono juu ya watoto wao. Kijana alibaki amesimama na kalamu yake mpaka mama wa samaki akamvuta suruali.

"Ni kawaida?" akaninong'oneza tukiwa sakafuni.

Nikamwuliza mama wa samaki. "Ile iko mbali," akasema. Nilipomtafsiria hivyo, kijana alitulia kidogo. Aliondoka kwa ndege ya kwanza iliyoruka, akaniachia karatasi zake zote. Mama wa samaki aliziomba za kufungia bidhaa, na kwa muda mrefu soko letu lilikula samaki waliofungwa katika malengo.

Nyumbani nilimweleza mke wangu mafunzo yote, na kwa kuwa nilikuwa sina shule, nikapendekeza tuyajaribu. Nikamwuliza kwa sauti ya Kinshasa: ni nini kingemfanya aseme maisha yamefaulu?

Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Alifikiri kweli, jambo ambalo sikulitegemea.

"Baba ya batoto," akasema, "miye nataka tukule pamoja bila kusikiliza barabara."

Barabara, njia ya wenye bunduki, ilianza kutisha jua likizama, saa ile ile ya ugali wetu. Kila jioni tulikula tukiwa tumegeuza sikio nje, na watoto walijifunza kutafuna polepole. Mkakati nilioupata ulikuwa mmoja: tukaanza kula saa kumi, jua lingali juu, mlango wazi. Majirani walidhani tumepoteza saa. Watoto wakaanza tena kugombania ukoko, wakipiga kelele, na mke wangu hakuwanyamazisha.

Mipango yangu mingine yote ilikufa, pamoja na ule wa kwenda Kisangani kusoma zaidi. Watoto sasa wana nyumba zao, barabara imetulia kiasi, na kwao wote chakula cha jioni kiko mezani saa kumi. Wakwe zangu wanaona ni mila ya kabila letu.