Siku Fedha ya Kuluthumu Ilipofungwa

Kuluthumu wa Ng'ambo alikuwa akikaanga vitumbua stesheni ya Tabora tangu Mwingereza hajajua hata kuvitamka. Vilikuwa vitamu hivi kwamba treni haikupiga honi mpaka dereva amalize cha tatu. Anayebisha shauri yake. Mimi nilikuwa nauza karanga pembeni yake.

Mumewe, Mabruki fundi viti, aliota mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka wa hamsini na mbili, wiki ya Krismasi, daktari wa macho akaja mjini kwa siku nne tu. Akasema atampasua kwa shilingi themanini. Akikosa nafasi hiyo angoje mwaka mzima, na huenda asione tena. Shilingi themanini Kuluthumu alikuwa nazo benki, akazifuata kwa madaha.

Modest, karani, akamtaka dole gumba la kulia, akalilinganisha na lile alilotia miaka mitatu nyuma alipofungua akaunti. Hayakufanana. Akadhani moto wa vitumbua umelifuta.

"Fedha yako imefungwa, mama, mpaka mahakama iseme wewe ndiye wewe."

"Imefungwa miezi mingapi?" akauliza Kuluthumu. "Na imeiba nini?"

Mahakama nayo ilikuwa likizo. Askari wa mlangoni akasema hakimu yuko Kigwa anawinda kanga, na wakati wa likizo husikiliza mambo ya dharura tu. Kuluthumu akarudi benki na kikaango chake, akakaa sakafuni, akatangaza kwamba biashara imehamia hapo. Meneja akaona heri Modest achukue karatasi yenye dole waende Kigwa pamoja na Kuluthumu na mumewe. Nami nikaenda, ningebakije? Treni ilikwenda polepole hata kuku wa abiria mmoja akashuka, akataga, akapanda tena.

Kambini Mabruki akainama kwa adabu, akaliamkia koti la hakimu lililotundikwa kwenye nguzo ya hema. "Shikamoo, Bwana Hakimu." Akangoja. Akaliuliza hali ya watoto.

Hakimu mwenyewe alikuwa nyuma yake, miguu ndani ya beseni. Akaweka kikombe chini. "Dharura nimeiona," akasema. "Tuanze."

Modest akaeleza habari ya dole. Hakimu akataka Mabruki asimulie ilivyokuwa siku ile ya kufungua akaunti.

"Macho yalikuwa yameanza kunisumbua, bwana. Nilijikwaa kwenye ngazi ya benki, mke wangu akanishika kwa mkono wa kulia. Hakuniachia mpaka tumetoka."

"Basi dole alitia la mkono gani?"

Kuluthumu akawaka. Yeye, ampe mtu wa ofisi mkono wa kushoto? Mama yake hakumlea hivyo. Akasema afadhali fedha ifungwe maisha kuliko yeye kusingiziwa utovu wa adabu mbele za watu.

"Toa mkono, mke wangu," Mabruki akamwambia taratibu. "Nataka kuona."

Akautoa, uso kaugeuzia porini kwa aibu. Wino haukuwepo. Mpishi akaleta sufuria, dole likapakwa masizi, likakandamizwa nyuma ya bahasha. Modest akaangalia, akaangalia tena, akaanza kucheka peke yake. Mistari ileile, hata kakovu ka wembe kamo. Hakimu akaandika amri juu ya goti. Unyoya wa kanga ukagandia kwenye sahihi, na benki wakaipokea hivyohivyo na unyoya wake.

Kesho yake Mabruki akapasuliwa. Siku ya kutolewa bandeji, kitu cha kwanza kuona kilikuwa nzi ndani ya chai ya nesi, akamwambia asinywe. Kisha akamgeukia mkewe. Akamtazama, akamtazama. Kuluthumu, mwenye wajukuu saba na ulimi wa kumfukuza polisi, akajifunika mtandio usoni kama mwari, akamnong'oneza aache, watu wanaona.

"Waache waone," akasema Mabruki. "Mimi bado sijamaliza."