Nusu ya Ndevu za Shemeji

Tangu arudi kutoka hospitali na vali mpya ndani ya moyo wake, kinyozi hakujua kutulia. Akiwa sebuleni anataka kwenda uani, akifika uani anakumbuka kuna kitu amekisahau sebuleni, na kitu chenyewe hakijui. Mkewe akimfuata nyuma na glasi ya maji.

"Mume wangu, kaa basi."

"Si nimekaa?" alijibu kinyozi, naye keshafika mlangoni.

Upasuaji wenyewe hakuulalamikia. Kilichomkera ni yule muuguzi aliyemnyoa kifua kabla ya kupasuliwa, akaacha vishungi vya nywele huku na huku. "Wangeniachia ningejinyoa mwenyewe," aliwaambia wote waliokuja kumpa pole, nao walicheka kwa adabu. Walikuwa wateja wake hao. Walikuja wamenyolewa wakapendeza, na hakuna hata mmoja aliyesema kanyolewa wapi. Hapo ndipo roho ilipomuuma. Moyo ulikuwa umetengenezwa, haya, lakini nani angekubali tena kumwekea shingo yake?

Na wembe wenyewe hakuwa nao. Alipotoka hospitali alipewa dawa za kuzuia damu isigande, daktari akamwonya asijinyoe kwa wembe, maana akijikata damu ingechelewa kukoma. Mkewe alivyofika nyumbani tu, alikusanya nyembe zote za kazi akazifungia kwenye kabati la vyombo, na ufunguo akatembea nao.

Siku ya kurudi kliniki, kinyozi uvumilivu ulimwishia.

"Daktari, mimi nisijinyoe, sawa. Na wenzangu je?"

"Wenzako wamefanya nini?"

"Mimi ni kinyozi, daktari."

Daktari akamtazama mgonjwa, akamtazama na mkewe. "Mzee, mfupa wa kifua umeshaunga. Nyoa watu. Ukichoka, kaa chini upumzike. Ila kidevu chako mwenyewe tumia mashine."

Mke akageukia dirishani. Walipofika nyumbani aliuweka ufunguo mezani.

Kinyozi akafungua kibanda chake, akafagia, akafuta kioo, akanoa wembe. Akaunoa tena. Akatoka nje, akaingia, akafuta kioo kile kile. Hakuna aliyekuja. Kwenye baraza ya jirani, shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa akigongea soli za viatu. Ndevu za fundi viatu huyo hazijaguswa tangu siku ya upasuaji, na mtaa mzima ulimsifu kwamba anamsubiri shemeji yake.

"Shemeji, njoo nikunyoe."

"Nina kiatu cha mtu hapa."

"Kitakungoja."

"Kesho, shemeji."

Kinyozi akamwendea na wembe mkononi. "Sema kweli. Unaniogopa."

Nyundo ikanyamaza. "Ndiyo, naogopa. Mkono wako nauamini. Naogopa usije ukaanguka hapo mbele yangu, nami nimefungwa shuka shingoni. Nitamwambia nini dada yangu?"

Kinyozi akaushusha wembe. Hofu hiyo hiyo aliamka nayo kila asubuhi, akazunguka nayo nyumba nzima, na hakuwa amemwambia mtu.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Njoo tuogope wote."

Fundi viatu akaweka nyundo chini, akaja.

Povu likapakwa. Mkono wa kinyozi ulitulia tuli. Aliyetetemeka ni shemeji, kiti kikawa kinalia chini yake.

"Tulia bwana, utanifanya nikukate!"

Shavu la kulia likatoka safi, linang'aa. Kisha pumzi za kinyozi zikawa fupi. Zamani angejikaza kisabuni mpaka amalize. Safari hii aliweka wembe kando, akaketi kwenye benchi la wateja, akanyoosha miguu. Tangu atoke hospitali hajawahi kukaa mahali asitamani kuwa kwingine. Hapo alikaa.

Wapita njia wakachungulia, wakaangua kicheko. Shemeji alijitazama kiooni: upande mmoja bwana harusi, upande mwingine jambazi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "ukinifia sasa hivi, mimi natokaje humu?"

"Ndiyo maana sifi," kinyozi akamjibu. Akapumua mara mbili tatu, akainuka taratibu, akachukua wembe.